Msalaba Kando ya Neno "Thole"

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Nakuandikia kwa heshima, baada ya kunywa chai na kuhesabu hadi mia. Katika toleo lenu jipya, kando ya kitenzi cha Kiingereza "thole", mmechora kimsalaba: yaani neno limekufa, tena kabla ya mwaka 1900. Malalamiko yangu ni haya.

1. Halijafa. Huku Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, tunalo. Ku-thole ni kuvumilia kimyakimya jambo usiloweza kulibadilisha: mvua, uji uliopoa, mume. Ni neno la kale sana, lenye undugu wa mbali na lile la Kilatini la uvumilivu. (Kwa miaka ishirini na minane niliwafundisha watoto kwamba limetokana na kile kijiti cha mashua kinachoshikilia kasia, ambacho nacho huitwa thole. Kumbe ni maneno mawili yasiyojuana. Baadhi ya wanafunzi wangu sasa ni wavuvi, na bado wananicheka.)

2. Mwaka 1971, siku ya harusi yetu, mama mkwe wangu alimuuliza mke wangu Hilda mlangoni mwa kanisa, "Mwanangu, huyu mwalimu wa maneno mengi utamweza?" Hilda akajibu, "Nita-thole, mama." Viapo vya ndani tulikariri tu, ahadi yenyewe ndiyo hiyo.

3. Jumapili nilifanya kosa la kumwonyesha ukurasa wenu. Akavaa miwani, akasoma mara mbili. "Ala! Kumbe niliahidi kwa neno lililokwisha kuzikwa? Basi mzee wangu, hunidai kitu. Alhamisi naenda kwa dada, Alnwick." Nilidhani ni mzaha. Jana ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Kwa hiyo naomba mfute msalaba huo kabla ya basi la Alhamisi. Mkishindwa, njooni mlizike neno hapa kijijini kwa heshima zote. Mimi nitatoa hotuba fupi, ya saa mbili.

Nisalimieni wapigachapa wote, hata aliyechora msalaba.

Wenu katika kuvumilia,
Norman Straughan,
Mwalimu mstaafu

Tanbihi: Nimemsomea Hilda barua hii yote, pamoja na maelezo ya kijiti. Amesema, "Norman, usiwasumbue watu wa kamusi. Neno lilikuwa hai kabisa mpaka ulipofika kwenye kasia." Basi uacheni msalaba. Rekebisheni tarehe tu: limekufa leo, saa nne asubuhi.