Kuanguka Mara Tatu Mbele ya Aurelith

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku sita tu! Jumapili Aurelith, bendi yangu ya roki nzito, wanapiga muziki Chicago, onyesho la mchana, na safari hii watapiga ule wimbo "Shaba". Dakika kumi na moja. Hawajaupiga jukwaani kwa miaka tisa. Leo nimeusikiliza mara nne, chali juu ya godoro ghali kuliko yote dukani, macho nimefumba. Gitaa linaingia polepole, vuguvugu, kama maji ya kuoga. Kisha mwimbaji ananguruma na dari linatoweka. Nikaelea. Mteja aliuliza kama godoro ni gumu. Gretchen, meneja wetu, akamjibu badala yangu.

Curtis, muuzaji mwenzangu, alikuwepo miaka tisa iliyopita. Alishika uzio wa mbele kabisa, chini ya jukwaa. Hachoki kunikumbusha. Leo tena: eti aliyeusikia kwa spika za masikioni hajausikia. Mdomo huo! Jumapili nitaushika uzio huo mimi. Naapa.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimepata mbinu. Mbele ya jukwaa watu wetu, mashabiki, hufungua duara, wakazunguka na kugongana kama wendawazimu. Lakini sheria ni moja: mtu akianguka, wote wanasimama, wanamwinua. Nami nimegundua kwamba huwa wanakuweka chini hatua mbili tatu mbele ya pale ulipoangukia. Nikianguka mara tano, niko uzioni! Curtis atapanga foleni tangu asubuhi. Mimi nitalala.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mazoezi. Nimeanguka kwenye magodoro kumi na manne. Kiubavu, kimatako, kifudifudi. La kumi na tano lilikuwa laini mno, nikasinzia. Nikaota ukumbi mtupu, taa za buluu, mpiga ngoma anapiga taratibu kwa ajili yangu peke yangu. Sikutaka kurudi.

Gretchen aliniamsha, akasema kama naumwa niende nyumbani. Curtis akauliza kwa upole kama siku hizi nakula vizuri. Upole wa nini? Ananichunguza huyo.

Jumapili, 15 Oktoba

Chicago. Niliingia saa nane mchana, nimelala vya kutosha. Curtis alikuwa keshaganda uzioni. Akanipungia mkono. Nikampa kisogo.

Anguko la kwanza: safi kabisa. Mikono kumi ikanidaka. Jitu moja lenye michoro ya miiba shingoni likanipangusa vumbi, likaniuliza kama niko sawa. Hatua mbili mbele! La pili: hatua tatu. Nikaziona soksi za mpiga gitaa. Za njano. Mpiga ngoma akaanza kuhesabu mapigo, sijui saba, sijui tisa, ukumbi mzima tukatikisa vichwa, kila mtu kivyake, na tulikuwa na furaha sana.

La tatu lilikuwa anguko bora la maisha yangu. Ila lile jitu halikuniweka chini. Lilinibeba kama mtoto mchanga, likapaza sauti tupishwe. Watu wakapisha. Wote! Kuelekea mlangoni. Nikasema mimi mzima. Likasema kila aliyegonga kichwa husema hivyo, na kwamba mara tatu si bahati mbaya tena, ni ugonjwa.

Muuguzi alinikalisha kwenye benchi nje ya ukumbi, akanipa maji na biskuti za chumvi. Nusu saa, marufuku kuinuka. Dakika ya tano "Shaba" ukaanza. Upande wa pili wa ukuta.

Nililia. Naandika ukweli, nililia.

Mara mtu akaketi kando yangu, jasho linamchuruzika. Curtis.

"Nimekuona unabebwa," akasema.

"Umeacha uzio?"

"Kunywa maji, Lyle."

Tukakaa dakika zote kumi na moja. Kila mlango ulipofunguka, kipande cha wimbo kilitoka, kisha kikazimika. Sauti nzito zilipita kwenye benchi zikanipanda mgongoni. Curtis alifumba macho. Nami nikafumba. Nikaelea kidogo, sikatai. Tukamaliza biskuti.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimelitafakari vizuri. Mtu haachi uzio hivihivi. Ni wazi kwamba Curtis aliona nakaribia, akaingiwa na hofu.

Na leo kaleta tiketi mbili za Detroit, Jumamosi. Aurelith tena. Viti vya ghorofani, eti tukae pamoja, tuusikilize "Shaba" wote, kwa utulivu, bila mtu kuumia. Viti! Mtego mtupu. Nimemshukuru kwa adabu.

Kisha nikatafuta picha ya ukumbi huo. Kutoka ukingo wa ghorofa hadi uzio wa mbele ni kama mita nne tu, na zote ni za kwenda chini. Watu wetu watanidaka, sheria ni sheria. Gretchen ana ngazi stoo. Kesho naanza na magodoro mawili.