Simu Moja, Mizani Tatu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Shajara yangu, niwie radhi. Nimekutupa tangu Kwaresima. Si uvivu. Binti yangu Annet, anayeishi Tororo, alinishauri niandike kwenye simu kama watu wa leo. Nikaandika, tena kwa ufasaha. Asubuhi moja nikafungua, hamna kitu. Hata koma moja haikubaki. Nimerudi kwenye karatasi, mnyenyekevu kabisa.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mke wangu, Anjeline. Misa hapa nyumbani Busia, upande wa Uganda, hema, chakula. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza kwamba baada ya misa watamsikia Anjeline mwenyewe, kwa sauti yake, kutoka kwenye simu yangu. Wanawake walilia. Mzee mmoja alinishika mkono. Nilijisikia vizuri sana.

Sauti ninazo. Alipolazwa Tororo mimi nilibaki huku na ng'ombe na kuku, naye akawa ananitumia jumbe za sauti. Hakuwa na simu ya kisasa. Aliazima ya kaka yake, Owor. Tangu tumzike sijafungua hata moja. Ninazihifadhi. Mtu aliyebakiwa na chungu kimoja cha asali hachovyi kidole kila siku.

Leo simu imetoa onyo: nafasi inakaribia kwisha. Inakwama. Nikiibonyeza inaduwaa kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la jana. Nimepakua programu ya kupima kumbukumbu. Jina lake ni la Kiingereza, refu, halina maana. Nimeiita Kipimo. Kipimo kimesema simu imejaa asilimia tisini na moja. Nimeshtuka! Nimepakua ya pili, nikaiita Darubini. Darubini imesema sitini na nane.

Simu moja. Meza moja. Mzee mmoja. Kati ya hizi mbili, kuna inayodanganya.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeamka na jibu. Na jibu ni la Anjeline.

Aliuza mahindi hapa mpakani kwa miaka mingi. Gunia lilipimwa upande wetu, kisha mnunuzi wa Kenya akalipima tena kwa mizani yake. Hazikupatana hata siku moja. Kilo ziliyeyuka juu ya mpaka kama umande. Wengine walishikana mashati. Yeye aliweka mikono kiunoni akasema: "Mizani mbili zikigombana, ita ya tatu, ya mtu asiyekula mahindi haya. Twende kwa katekista!" Kwa maana parokia ilikuwa na mizani yake. Na kila mara ugomvi uliisha. Sikuwahi kubaki nikaona mwisho, kwa sababu kengele ya shule iliniita. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili upande wa pili wa mpaka. Lakini bado ninaona unga wa mahindi kwenye nyusi zake, na kitenge kile cha rangi ya chungwa. Nilikuwa nikisimama mbali na kujifanya ninasahihisha madaftari.

Basi nimepakua programu ya tatu. Nimeiita Katekista. Imesema sabini na tisa. Katikati! Nimefurahi kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikapata wazo la kutazama mipangilio ya simu yenyewe, inajionaje. Inajiona iko themanini na nne. Sasa mizani ni nne.

Nimerudi kwa Kipimo. Kimepanda hadi tisini na tatu, na mimi sijaongeza kitu chochote ila vipimo. Ajabu!

Alasiri amefika Owor kwa pikipiki kutoka Rubongi, kupanga mambo ya hema. Huyu ndiye shemeji yangu. Zamani alikuwa mtu wa bendera pale stesheni ya Tororo, na hadi leo hawezi kusema neno bila kupunga mkono. Simu yake ni aina ileile kama yangu. Ana programu moja tu ya kupima, na imemwambia simu yake ni nzima, naye ameiamini kama mtoto. Amesema yangu pia ni nzima. "Shemeji, simu haijajaa. Umejaa wewe."

Vijana wa hema wamecheka. Nimewakumbusha kwamba kamba zao zimelegea.

Kisha Owor akaanza kusema kwamba kama nina shida na zile sauti, yeye kwenye simu yake anazo... Nimemkata. Nimemwambia sauti ya mke hutoka kwa mume, si kwa shemeji. Akapunga mkono, kama anayeruhusu treni ipite. Alikuwa akimpungia Anjeline vivyo hivyo, siku zile alipokuwa msichana akishuka Tororo na kapu lake, nami nikiwa nyuma yake, nimembebea mwavuli ambao hakuuhitaji.

Jumatano, 13 Agosti

Annet amepiga simu. Amesema programu zangu hazidanganyi, kila moja inapima kitu chake. Moja inapima ghala, yaani mahali pa kuwekea vitu. Nyingine inapima meza ya kazi, mahali simu inapofanyia shughuli zake. Nyingine inahesabu hata vyombo vya mwenye nyumba, yaani vitu vya simu yenyewe, nyingine haivihesabu. "Baba, ondoa zote, ubaki na nafasi." Ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo nimemsikiliza hadi mwisho. Lakini wakati wangu kitu kilikuwa na uzito mmoja. Baba yangu alipopeleka pamba kuuza, hakuna aliyemwuliza kama apimiwe ghala au meza.

Nimevuka mpaka. Simu hii niliinunua upande wa Kenya. Mahindi hupimwa pande zote mbili. Simu ina kosa gani isipimwe? Nimeweka laini ya Kenya, nikasimama mbele ya duka la fundi anayeitwa Jeff, nikafungua programu zote, moja baada ya nyingine. Namba zilezile! Nimerudi hatua chache kuelekea Uganda, nikasogea tena. Zilezile.

Jeff amecheka hadi akashika kaunta. "Mwalimu, simu haijui boda!" Nimemjibu kwamba hapa kila kitu kinajua mpaka: sukari, sabuni, mayai, hata mbuzi. Amesema basi ninunue kadi ya kumbukumbu, nihamishie sauti humo, mambo yaishe. Nimekataa. Mtu hakodi ghala la pili kabla ya kujua la kwanza limejaa kiasi gani. Jeff ameangalia dari. Kisha ameniwekea programu nyingine bure, inayopima na kusafisha. Kijana mwenye adabu.

Nikirudi nimepita mahali Anjeline alipokuwa akikaa na magunia yake. Sasa pana duka la vipuri vya pikipiki. Nimesimama kidogo. Mwenye duka amenikaribisha, akaniuliza natafuta plagi ya aina gani. Nimesema sijui bado.

Alhamisi, 14 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Programu ya Jeff nimeiita Fagio. Asubuhi Fagio limenipa habari njema: simu ina takataka nyingi, vitu vya zamani visivyoguswa kwa muda mrefu. Ninapenda usafi. Nimefundisha watoto kufagia darasa kabla jua halijawaka. Kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Safisha. Nimekibonyeza.

Fagio likazunguka, likameremeta. Na kwa mara ya kwanza mizani zote zikashuka pamoja! Kipimo, Darubini, Katekista, hata simu yenyewe, zote zimesogeleana kama waumini kwenye benchi moja. Nimepiga makofi. Nimemwita jirani yangu, mama Apolot, aje aone sayansi. Ameangalia, amenipongeza, kisha akaomba tumsikie Anjeline kidogo tu, hata neno moja, kwa kuwa walikuwa marafiki.

Nimefungua. Hakuna.

Nimefungua tena. Hakuna.

Vitu vya zamani visivyoguswa kwa muda mrefu. Nilizihifadhi kwa kutozigusa. Simu ikaona takataka.

Mama Apolot amesema, "Mwalimu, si uliza Owor?" Nimemwambia kwamba husemwa "kwa nini usimwulize Owor." Amesema ndiyo hiyohiyo, uliza yeye. Kisha akaenda kufungia mbuzi wake.

Sitamwuliza Owor. Nimeshasema mbele ya vijana wa hema.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango wa kwanza. Kuna programu za kufufua vitu vilivyofutwa. Nimepakua tatu, zishindane. Zimefanya kazi kwa bidii ya kutisha! Zimefufua picha za kuku wangu wote, waliopo na walioliwa. Zimefufua kidole gumba changu, mara nyingi, katika mwanga wa kila namna. Zimefufua matangazo ya dawa za ng'ombe na salamu za Krismasi za watu nisiowajua. Sauti ya Anjeline hazikuifufua. Simu imejaa tena. Kipimo kinasema tisini na saba. Darubini inasema sabini na moja. Hazina haya.

Mpango wa pili. Nimekwenda kwa John Paul, kiongozi wa kwaya, nikamwomba kesho waimbe nyimbo nyingi, beti zote, bila kuruka. Nia yangu ni kwamba jua lizame kabla watu hawajakumbuka ahadi yangu. John Paul ameguswa. Amesema hajawahi kuona mume anayempenda marehemu kiasi hicho. Nimeona aibu, lakini mpango ni mzuri.

Owor amepiga simu asubuhi na jioni. Sikupokea. Nadhani anataka kunisimanga kuhusu asilimia.

Jumamosi, 16 Agosti

Kwaya imeimba. Imeimba hadi watoto wakalala na mpiga ngoma akabadilishana na mdogo wake. Lakini sahani zilikuwa zikigongana jikoni, watu wana njaa, na padre akasimama akasema kwa upole kwamba sasa tumsikie mama, kama mwalimu alivyotuahidi.

Nimesimama. Nimeinua simu. Nimewaambia simu inapima kwanza. Wakasubiri. Nimewaambia kuna tofauti ndogo ya vipimo. Wakasubiri. Annet alikuwa mstari wa mbele, amefumba macho, tayari kumsikia mama yake. Nikaangalia kioo, na kioo kikaniangalia.

Owor akainuka. Hakupunga mkono. Akaja polepole, akaweka simu yake kwenye kipaza sauti, kana kwamba ndivyo tulivyopanga, akaniambia kwa chini, "Shika upande huu, shemeji, tuishike wote." Nikashika.

Ni yeye. Ile sauti yenye mkwaruzo, yenye kicheko kilichojificha nyuma ya kila neno.

"Oguttu, umekula? Owor ananiambia umepima maziwa ya ndama mara tatu hadi yakachachuka. Ee Mungu wangu! Mizani mbili zikigombana, ita ya tatu, siyo? Kila siku unasema maneno yale, na kila siku unasema nusu. Hukuwahi kungoja mwisho, unakimbilia kengele yako. Baba Annet, katekista hakuwa na mizani! Ilivunjika zamani. Nilikuwa nawaambia wanunuzi hivyo wingu la mvua likiwa limetanda kule Tiira, kwa sababu najua wakifikiria kungoja ya tatu wataona mahindi yananyeshewa, watakubali ya kwangu. Sasa wewe ndiye unayengoja. Kesho ukija niletee uji. Usiupime. Ulete tu."

Hema zima limecheka. Padre amecheka. Mama Apolot amejifunika uso kwa leso, mabega yanaruka. Annet alicheka na kulia, sikujua kipi kilitangulia. Mimi niliingiwa na unga wa mahindi machoni, ingawa leo tumepika wali.

Kesho yake nilimpelekea uji, siku ile. Uji naukumbuka; ya katekista nilikuwa nimeyasahau. Nilikuwa nimeupima.

Jumapili, 17 Agosti

Owor ni mtu mzuri. Nimelikubali hilo, na ninaliandika mara moja tu. Jana, kabla hema halijashushwa, amenitumia sauti zote za Anjeline. Alikuwa nazo muda wote. Anasema amekuwa akijaribu kuniambia tangu Jumanne, nami nimekuwa nikimsahihisha.

Sauti zimefika. Ila zimesimama mlangoni. Simu inasema haina nafasi ya kuzipokea mpaka niondoe kitu. Kipimo kinasema tisini na nane. Darubini inasema nafasi ni tele, karibuni ndani. Annet amesema jambo liko wazi: ondoa hizo programu zote, mama aingie. Nimemwambia huwezi kuwafukuza mahakimu kabla hawajatoa hukumu. Kwanza lazima nijue ni ipi iliyokuwa ikidanganya, ili iondoke hiyo, na isiadhibiwe isiyo na kosa. Annet ameniangalia kwa macho ya mama yake, akaenda kumsaidia mama Apolot kurudisha masufuria.

Maneno ya Anjeline nimeyatafakari vizuri. Nimeona tatizo lilikuwa katekista. Mizani yake ilivunjika! Ndiyo maana ya tatu haikufaa kitu. Inayohitajika ni ya tatu iliyo nzima. Nimeipata asubuhi hii, programu yenye nyota nyingi na sifa nzuri, na sasa hivi ninaipakua, inashuka. Inashuka polepole, kwa kuwa nafasi ni ndogo.

Wakati inashuka ninakwenda Rubongi, kumsikiliza Anjeline kwenye simu ya Owor. Si kwa sababu simu yake ni bora kuliko yangu. Nimebeba na uji, ndani ya chupa ya chai; ubavuni mwake nimeandika vipimo.

Nitakapoamua ni programu ipi itakayoondoka, shajara yangu, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua.