Namshitaki Bi Ndinda kwa Upole Wake

Kwa Mkuu wa Maafisa wa Probesheni,

Baada ya salamu na kukutakia afya njema, mimi Mwanakuu, mkaazi wa Kibokoni, namshitaki kwako afisa wako Bi Ndinda kwa kosa la kumtendea mwizi kama binadamu.

Mwizi mwenyewe ni Huzaifa, jirani yangu, aliyefungwa mara mbili kwa wizi wa simu, na sasa yu nje chini ya uangalizi wa afisi yako.

1. Afisa wake wa kwanza, Bwana Bramwel, aliijua kazi. Akija husimama katikati ya kichochoro akapaza sauti: "Wewe mwizi Huzaifa, toka nikuone!" Madirisha yote yakafunguka, aliyempa kibarua akamfukuza, na haukupita muda Huzaifa akaiba tena, akarudishwa gerezani. Sisi tukalala. Huo ndio utaratibu.

2. Bi Ndinda hubisha hodi! Nimemsikia akimuuliza, "Huzaifa, u hali gani? Mama anaendeleaje?" Siku kijana alipokosa kuripoti kwa kuwa mamake amelazwa, badala ya kumpeleka kortini, afisa wako alikwenda hospitali kumtazama mgonjwa. Na ndizi akabeba.

3. Kisha akamwombea kazi kwa Mung'aro seremala. Sasa Huzaifa hupiga randa kutwa nzima, wala haibi. Nimemchungulia sana; haibi.

4. Hapa ndipo penye madhara. Mtungi wangu wa gesi ulipoibwa, nilimtaja Huzaifa papo hapo, kama ilivyo desturi. Bi Ndinda akauliza, akasikiliza kila upande, ikadhihirika kijana alikuwa kazini. Basi polisi wamelazimika kumtafuta aliyeiba! Mtaa umebaki bila mwizi wake, na watu wenye heshima zao wameanza kuangaliana.

Kwa hivyo naomba Bi Ndinda ahamishwe mbali, na Bwana Bramwel arudishwe pamoja na sauti yake.

Wasalimie wote afisini, isipokuwa yeye.

Ni mimi niliyedhulumika,
Mwanakuu

Nyongeza: Kabla sijaipeleka barua hii posta, yamezuka mengine. Aliyeiba mtungi ni mwanangu Faraj. Jana hakimu alimweka chini ya uangalizi wa afisi yako. Tangu arudi nyumbani hali chakula, wala hainui macho, na vile vichwa vya madirishani navijua vyema. Nakuomba sana, umkabidhi kwa Bi Ndinda. Na haya niliyoandika juu, uyachane kabla hajayaona.