Likizo ya Hispania, Chumba Namba 114

Jumatatu, 9 Aprili 2018

Nimefika! Si Hispania. Maplewood, Minnesota.

Hilo tunalijua mimi na daftari hili tu. Watu wengine wote wanajua kwamba mimi, Kassian, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa kozi ya miaka miwili, saa hizi niko angani juu ya Atlantiki. Naelekea Santa Rufina, mji mdogo wa ufukweni, bahari ya Mediterania. Hosteli inaitwa Mitende Miwili. Nyota mbili, kifungua kinywa ndani.

Hosteli yenyewe si uongo. Nimeipata mtandaoni, nimeilipia, na hawarudishi pesa. Kilichonikwamisha ni kitu kidogo. Viza. Miaka tisa Minnesota! Nina leseni ya Minnesota, nina kadi ya maktaba ya Minnesota. Nikasahau kabisa kwamba pasipoti yangu ni ya Tanzania. Nimekumbushwa Ijumaa na kompyuta ya shirika la ndege. Miadi ya viza iko Chicago, mwezi wa sita. Wakati huo jumuiya nzima ya Apple Valley imekwisha kuniombea safari njema. Rozari, mafumbo yote matano. Mtu ukishaombewa mafumbo matano unarudije nyuma?

Halafu kuna Imaculata. Baada ya sala alinivuta pembeni, akaniomba kitu kimoja tu. Mama yake alifariki Songea mwaka jana, na yeye hakuweza kwenda kuzika kwa sababu makaratasi yake ya hapa yalikuwa bado. Nilikuwa nimemsimulia kanisa dogo la wavuvi lililo karibu na hosteli (limo kwenye tovuti). Akaniomba nimwashie mama yake mshumaa mle, maana mama hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Nikasema nitawasha. Ningesema nini? Akaniambia Jumapili nikirudi twende pamoja kwa shangazi yake, nikale. Kwa shangazi! Mwanamume haitwi kwa shangazi kwa ajili ya wali.

Eugene kanuna. Huyu ni Mkenya wa jumuiya yetu, naye anamtaka Imaculata. Januari alikwenda Meksiko, akarudi na kombe la baharini, kalibandika mbele ya usukani hadi leo. Leo kasisitiza kunipeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Kasimama pale akipunga mkono mpaka nimeingia. Nimeingia mlango wa ndege, nimetokea mlango wa treni. Treni, basi, basi jingine, moteli.

Kwa nini Maplewood, na Imaculata anafanya kazi hospitali ya hapa hapa? Hiyo ndiyo akili. Hakuna anayetafuta kitu chini ya kiti alichokalia. Tena moteli ina heshima zake. Mapokezi pana tangazo kwamba ina mkataba na hospitali.

Jumanne, 10 Aprili

Siku nzuri. Kazi inakwenda.

Nimesoma maoni yote ya wageni wa Mitende Miwili, mia mbili na kumi na moja. Watu wanadhani uongo hujengwa kwa sifa. Hapana. Hujengwa kwa malalamiko. Nimeandika kwenye kundi la jumuiya kwamba shuka zina mchanga, kahawa ni chungu, na pale mapokezi kuna paka mnene anayelala juu ya funguo, ukitaka funguo umwombe radhi. Yote kweli tupu, kayaandika Mjerumani mmoja mwaka juzi. Imaculata kampenda sana paka. Kauliza jina lake. Nikasema Alfonso.

Saa kumi jioni nikatuma picha ya ufukwe, jua linawaka kwelikweli. Eugene akauliza mbele ya kundi zima kama huko si saa tano usiku. Mtu mbaya huyu. Nikamjibu kwamba Ulaya jua hupiga shifti mbili. Wote wamecheka, kasoro yeye.

Jioni Imaculata akapiga simu. Nikakimbilia bafuni, nikafungua maji ya kuogea yawe mawimbi. Akasema bahari inasikika imechafuka, nisiende kuogelea. Nikapunguza maji kidogo. Akasema afadhali, imetulia. Akaniuliza kama nimeshafika kanisani. Nikamwambia hilo ni jambo la kufanywa kwa utulivu, si la kukimbilia.

Hapa faragha ipo. Mama anayesafisha vyumba, Euphrasie, ni mtu wa Haiti, nimemsikia akizungumza Kifaransa kwenye simu. Alikuwa mlangoni na mataulo wakati wote ule. Nimeongea Kiswahili changu kwa raha zangu.

Jumatano, 11 Aprili

Eugene anataka video. Nimemwambia mtandao wa Hispania ni dhaifu. Kasema Meksiko ulikuwa na nguvu. Nimemwacha na Meksiko yake.

Ila nisionekane nina woga, nimekwenda kwenye bwawa la ndani la moteli, miwani ya jua, shati la maua, nikajipiga picha maji yakionekana nyuma. Safi sana! Nikaituma. Dakika mbili tu, Eugene kaikuza, kaizungushia duara jekundu. Ukutani nyuma yangu pana kibao cha Kiingereza kinachosema watoto wasikojoe majini. Nikajibu kwamba Waingereza wamejaa Santa Rufina, ndiyo maana wanaandikiwa kwa lugha yao. Wazee wa jumuiya wamenielewa.

Imaculata hakuuliza habari za kibao. Kaandika tu kwamba Jumamosi ni siku aliyozaliwa mama yake, na kama inawezekana mshumaa uwashwe siku hiyo. Kaniambia asante kabla sijafanya. Nimeisoma mara tatu. Nikatamani viazi vya kukaanga.

Alhamisi, 12 Aprili

Balaa dogo. Halijaharibu kitu.

Asubuhi nilikuwa kwenye simu namwambia Imaculata jinsi Alfonso alivyokamata samaki. Euphrasie alikuwa anatandika kitanda. Nilipokata simu akanyoosha mgongo, akasema, "Papa, miye ni wa Bukavu. Ile yote unasemaka ku telefone, nasikiaka."

Siku tatu! Siku tatu ananisikia, hasemi! Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuna aliyemwuliza, na kwamba hadithi ilikuwa inamsaidia kumaliza vyumba mapema.

Akaketi kwenye kiti, viatu akavua, akaniuliza huyo binti kanikosea nini. Nikamweleza yote, hadi mshumaa. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ni fupi kweli, Apple Valley mpaka hapa ni nusu saa. Hakucheka. Akasema yeye mwenyewe ana baba aliyezikwa bila yeye, na kama nimeshindwa kusema kweli, basi walau nimwandikie mwenye hosteli, aende kanisani awashe mshumaa kwa niaba yangu. Mchango wa kanisa utakwenda, mshumaa utawaka, nami nikimwambia Imaculata kwamba umewaka, hilo moja litakuwa kweli.

Wazo la kawaida mno, halina ufundi. Lakini alikataa kutoka chumbani mpaka niandike. Nikamwandikia mwenye hosteli, Bi Remedios, nikaeleza mama wa Imaculata, Jumamosi, bahari. Sitegemei jibu. Hoteli ya nyota mbili haiwezi kuacha kazi zake iende kanisani.

Kwa hiyo mpango wangu unaendelea.

Ijumaa, 13 Aprili

Wanatangaza tufani ya theluji. Katikati ya Aprili! Jumuiya nzima inalia kwenye kundi. Picha za majembe, picha za magari yamefunikwa. Mzee mmoja kaandika kwamba Kassian ndiye pekee mwenye akili kati yetu. Nimejibu kwa unyenyekevu kwamba huku joto limezidi, nimelazimika kununua kofia. Sijawahi kupendwa hivi.

Kabla mvua ya barafu haijaanza nilitoka mbio kutafuta mshumaa. Duka lilikuwa na wa aina moja tu, wa kwenye gilasi, uliobaki tangu msimu wa maboga, Oktoba. Harufu ya boga na mdalasini. Sawa tu. Picha haina harufu.

Ufundi wenyewe ni huu. Ukuta wa bafuni ni mweupe kama wa kanisa. Taulo la bluu nalitundika dirishani, ndiyo bahari. Mshumaa juu ya sabuni mbili. Picha kwa karibu.

Imaculata kaandika jioni kwamba barabara zinafungwa, hospitali imewazuia wafanyakazi wasiende nyumbani, watalala huko huko au watatafutiwa pa kulala. Kachoka sana, maskini. Nimemtumia picha ya machweo. Kanijibu kwa moyo mmoja mwekundu.

Jumamosi, 14 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi. Nje hakuonekani kitu, theluji tupu. Nimevaa shati la maua, kaptula, miwani ya jua kichwani, maana nilitaka mkono na bega vionekane pembeni ya picha. Nikawasha mshumaa. Haukupendeza, ulionekana peke yake. Nikachoma karatasi za chooni kidogo upatikane ule moshi wa ubani.

Kengele! Moteli nzima! Milango inagongwa, watu wanakimbia. Euphrasie kafungua chumba changu, kaniangalia, kauangalia mshumaa, kanishika mkono kama mtoto wa shule, tukatoka. Sikupata nafasi hata ya kuvaa viatu vya maana. Ndala.

Nje, kwenye maegesho, theluji ya magoti. Watu kama thelathini wamejifunga mablanketi. Nusu yao wamevaa sare za hospitali, ndio kwanza walitoka shifti ya usiku wakaja kulala. Ule mkataba. Mbele kabisa, blanketi hadi puani, Imaculata.

Aliniangalia kuanzia miwani hadi ndala. Mshumaa nilikuwa nao mkononi, umezimika, unanuka boga. Nikafungua kinywa nianze habari ya ndege kugeuzwa njiani. Akainua kiganja, nikafunga kinywa.

"Ulikuwa unamwashia mama yangu wapi?"

Nikasema bafuni.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Machozi yalimtoka, na baridi ile! Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika wazi. Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Wazima moto walipomaliza akanijia tena. Akaniambia hanitaki mimi tajiri, hakuwahi kuniomba Hispania, aliniomba mshumaa. Angeweza kunisamehe kwa kutokwenda. Akasema, "Kesho kwenye jumuiya usimame, useme kwa kinywa chako, sikwenda. Neno moja tu. Ukisema, nitakupeleka kwa shangazi mwenyewe."

Neno moja! Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo usiku kucha. Sikwenda. Sikwenda. Linatoka vizuri. Nalisema kwa sauti nzito kidogo.

Jumapili, 15 Aprili

Ushindi.

Barabara kuu ilikuwa imesafishwa njia moja. Imaculata kaniendesha polepole hadi Apple Valley. Hatukuongea sana, ila karibu na daraja la mto alinipa nusu ya kitumbua chake. Hiyo ni ishara. Tulikuta wanajumuiya tisa tu, na Eugene, huyo asingekosa. Alikuwa kaja na ile picha ya kibao, kaichapisha kwenye karatasi kubwa.

Sala ikaisha. Nikasimama. Nikasema, ndugu zangu, kuhusu Hispania. Imaculata akaniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu kunitia moyo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Bi Remedios!

Kaandika kwamba alikwenda jana mwenyewe, na dada yake, wakasali. Ametuma picha. Kanisa lenyewe, ukuta mweupe wenyewe, dirisha, na nje ya dirisha bahari yenyewe, bluu hadi mwisho wa macho. Mshumaa mrefu unawaka. Na kwenye benchi, amini usiamini, paka! Mnene!

Mungu ananipenda mimi. Mtu akiletewa ushahidi namna hii, dakika hii hii, afanye nini? Nikaiinua simu juu. Nikasema, kuna watu walidhani sikwenda. Mshumaa huu hapa. Bahari hii hapa. Alfonso huyu hapa.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kina mama wamelia. Eugene kaikunja karatasi yake mara nne, kaitia mfukoni. Uso wake nitaukumbuka nikiwa mzee.

Ikamfikia Imaculata. Aliiangalia kwa muda mrefu sana. Akagusa ule mwanga kwa kidole. Akafuta macho, na nikaona kabisa uso wake umelainika, kama wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta mwaka mzima. Kisha akaniuliza, polepole, mbele ya wote.

"Nani aliuwasha?"

Nikasema mimi, kwa mkono wangu huu.

Alijitumia ile picha kwenye simu yake. Akanirudishia yangu. Akachukua koti, akaagana na kila mtu kwa mkono, akatoka. Kwenda kupasha gari moto, bila shaka. Baridi ya leo gari haliondoki hivi hivi.

Namsubiri hapa dirishani, sasa ni saa moja na nusu tangu atoke. Pale alipokuwa ameegesha pana nafasi tupu yenye umbo la gari, na theluji imeanza kuijaza. Atakuwa kapitia kujaza mafuta. Shangazi anakaa mbali, na Imaculata ni mtu wa kujiandaa.

Wakati nasubiri, Eugene kaja na chai, kaniuliza likizo ijayo nakwenda wapi. Nimemwambia Ugiriki. Huko nasikia hawana mambo mengi ya viza.