Shimo la Ngiri na Siku 345 Bila Tukio

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya 342 bila tukio! Nimebadilisha namba ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, saa moja asubuhi, kabla hata ya chai. Zimebaki ishirini na tatu. Zikifika 365, Madam Lois, meneja wetu aliye Mombasa, atapeleka jina langu kwenye kozi ya usalama wa safari za ndege kule Addis Ababa. Wiki mbili. Hoteli. Cheti cha kimataifa. Mimi, Sylus Mwachofi, afisa wa usalama wa kiwanja kidogo cha ndege nje ya Voi, ambaye sijawahi kupanda ndege hata ya kuzunguka kiwanja! Margaret, mke wangu, ameshaanza kunifumia sweta.

Saa nne, pigo. Zipporah ameleta karatasi. Zipporah ni msaidizi wangu wa redio, mtu wa Njukini. Kila asubuhi anatembea kiwanja chote bila kutumwa na mtu, tabia ambayo nimemkanya mara mbili. Karatasi yenyewe ni ripoti ya hatari. Ngiri wamechimba mwisho wa njia ya kutulia ndege, upande wa mlima Kasigau. Shimo mbili, moja kubwa. Amepima mpaka umbali.

Tangu sanduku la ripoti lipigiliwe ukutani mwaka jana, hakuna kilichoingia ndani isipokuwa nyigu. Najivunia hilo. Je, ripoti ya hatari ni tukio? Inarudisha ubao kwenye sifuri? Sijui. Kitabu cha mwongozo kina kurasa mia tatu na mimi niko ya tisa. Nimepima mapigo ya moyo: tisini na nane.

Nimemrudishia. Nimemweleza kwa upole kwamba "shimo mbili" si Kiswahili, ni "mashimo mawili", na ofisi kuu haiwezi kupokea ripoti yenye ngeli mbovu. Akasema gurudumu la ndege halijui ngeli. Jeuri!

Jumanne, 4 Novemba

Amerudi nayo. "Mashimo mawili." Nimetafuta kosa lingine kwa dakika kumi. Mwishowe nikamwambia hajaandika ngiri ni wangapi. Akaenda kuwahesabu. Saa mbili za amani! Akarudi: wanne wadogo na mama, na dume mmoja mwenye hasira. Kosa limekosekana. Nimepokea karatasi kwa tabasamu na kuizika kwenye mkebe wa majani ya chai, chini kabisa. Zipporah hunywa uji. Hataigusa.

Saa tisa simu ya Madam Lois. Mkaguzi anakuja Alhamisi! Bwana Dominic, wa mamlaka ya usafiri wa anga. Atashuka na ndege ya watalii ya Kapteni Janet, saa tatu asubuhi, kuangalia kama tunafuata taratibu za kimataifa. Nikasema anakaribishwa sana. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Halafu Madam akaongeza jambo. Kitu cha kwanza ambacho Bwana Dominic huomba ni ripoti za hatari. Kiwanja kisicho na ripoti hata moja kwa mwaka humtia wasiwasi kuliko kile chenye hamsini, maana yake watu wa pale ama hawaoni ama wanaogopa.

Nimekaa chini. Kwa bahati mbaya nimekalia chaki.

Jumatano, 5 Novemba

Sijala.

Ripoti ya Zipporah siwezi kuitoa. Ina tarehe ya juzi, na shimo bado liko. Mkaguzi atauliza nimefanya nini siku zote hizi. Jibu ni kwamba nimesahihisha ngeli.

Basi nimeandika ripoti zangu. Kumi na saba! Nyingine kwa mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, moja kwa kalamu mdomoni. Hatari ya nyuki. Hatari ya ganda la ndizi mlangoni. Hatari ya jua kali machoni pa rubani. Nimesaini kwa niaba ya watu mbalimbali, akiwemo Ben, mlinzi wetu. Nyigu wameniuma mara tatu nikizitia sandukuni. Hiyo ingekuwa ripoti ya kumi na nane, lakini mkono wa kulia umevimba.

Alasiri nimemtuma Zipporah stoo, nami nikateremka peke yangu hadi kwenye shimo. Kubwa! Kutengeneza sawasawa kunahitaji kufunga upande ule na kumwambia Madam Lois, na kumwambia Madam ni kufuta 344. Nimejaza majani makavu, nikatandaza gunia, nikamwaga udongo wa murram juu, nikaruka-ruka. Kwa mbali huwezi kujua. Ngiri dume alinitazama muda wote kutoka kichakani. Sikupenda alivyonitazama.

Jioni mvua. Kubwa sana. Nimejiambia mvua hushindilia udongo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mkono bado umevimba. Naandika polepole.

Saa moja nilimtuma Zipporah Mwatate akanunue kamba za katani. Akauliza kamba za nini. Nikasema za usalama. Akanitazama kwa muda, akaenda. Sikutaka awe karibu na mkaguzi na mdomo wake ule.

Saa tatu kasorobo redio ikaita. Kapteni Janet, abiria sita, mkaguzi akiwa mmoja wao. Angetua kutokea upande wa Kasigau. Akauliza kama njia iko wazi. Nikajibu iko wazi. Mazoea! Miezi kumi na moja nimejibu hivyo kabla swali halijaisha.

Ndipo nikachukua darubini. Mvua ilikuwa imekula murram yote. Pale nilipotia kazi yangu ya jana alikuwa anatoka ngiri. Akatoka mama. Wakatoka watoto. Shimo lilikuwa limebomoka na kupanuka, sasa lingemeza meza yangu. Dume alikuwa na gunia langu kwenye meno.

Ubaoni: 345. Nikabonyeza redio nikamwambia Kapteni asubiri.

"Sababu?" akauliza.

"Ng'ombe," nikasema.

"Sioni ng'ombe."

"Upepo."

"Upepo umetulia. Bwana Sylus, niko dakika mbili kutoka kwako. Kuna nini hapo chini?"

Niliiona ndege yenyewe sasa, nyeupe, ndogo, ikishuka. Nikaliona gurudumu la mbele. Nikawafikiria watu saba walio ndani, hata sijui nyuso zao. Sauti ikatoka yenyewe, sikuituma.

"Usitue! Kuna shimo! Upande wa Kasigau! Nililifunika na gunia!"

Injini ikanguruma, ndege ikapita juu ya paa, mabati yakatetemeka, ikapanda tena kuelekea Sagalla.

Aliporudi redioni sauti ilikuwa baridi kabisa. "Shimo liko mita ngapi kutoka mwisho wa njia?"

Sikujua! Nililirukia-rukia na sikulipima! Nikaangalia mkebe. Nikaumimina wote mezani. Karatasi ya Zipporah ikatoka na majani yake. Nikasoma redioni nikipiga kelele: mita mia moja na themanini, kushoto ukitoka Kasigau, upana futi tatu. Nikasoma mpaka ngiri wanne wadogo na mama.

"Inatosha," akasema Kapteni. "Natua kutoka upande wa Voi. Nitasimama kabla ya hapo."

Akatua. Akasimama mbali kabisa na shimo. Mimi nilikaa sakafuni nikalia kidogo. Dakika moja tu.

Bwana Dominic aliingia na viatu vyenye matope. Mtu mfupi, mpole, jambo lililonitisha zaidi. Hakuomba chai. Aliokota ile karatasi, akapuliza majani, akauliza nani ameandika. Wakati huohuo Zipporah akatokea mlangoni na kamba za Mwatate begani. Akaona mkebe. Akaona karatasi. Akatoka na kwenda kuzungushia shimo zile kamba.

Kwa hiyo kamba zilihitajika! Naandika hilo lisije likasahaulika.

Ijumaa, 7 Novemba

Bwana Dominic alilala Voi mjini na akarudi asubuhi. Alipanga ripoti zangu kumi na saba mezani kama karata. Akauliza Ben, ambaye yuko likizo kwao Kasigau tangu Agosti akifukuza ndovu shambani, aliwaonaje nyuki wetu mwezi wa Oktoba. Nikasema Ben ana moyo wa kazi. Akauliza kwa nini watu kumi na saba tofauti wote wanaandika "uslama". Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Nilitegemea kufokewa. Hakufoka. Alisema katika kazi hii, dunia nzima, anayesema kosa lake mwenyewe haadhibiwi, kwa sababu akiadhibiwa mwenzake kesho atanyamaza, na ndege itaanguka. Kelele zangu redioni anazihesabu kuwa ripoti yangu ya kwanza ya kweli. Zimeokoa watu. Lakini kuficha ripoti ya mwenzako, akasema, hilo si kosa. Hilo ni jambo uliloamua.

Nikaangalia viatu vyangu. Kwa muda wa kama dakika kumi nilikuwa mtu mwingine kabisa.

Nilimfuata Zipporah njiani, alikuwa anapakua murram. Nikamwomba radhi. Alisema ndugu yake hupanda ndege hizi za kwetu mara mbili kwa mwezi akienda kazini kwenye kambi ya watalii, na Alhamisi angeweza kuwa ndani. Hilo sikulijua. Akanipa sepetu. "Shika hapa, Bwana Sylus. Shimo halijai kwa maneno." Tukafukia pamoja mpaka saa tisa. Tulishindilia sawasawa, tabaka kwa tabaka. Malengelenge manne.

Jioni Madam Lois akapiga. Zipporah ndiye afisa wa usalama kuanzia Jumatatu. Mimi msaidizi wake. Addis anaenda yeye. Margaret alipopata habari akampelekea sweta. Linamkaa vizuri, ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 17 Novemba

Zipporah aliondoka jana. Niko peke yangu na redio. Nimebadilika kabisa. Kitabu cha mwongozo niko ukurasa wa kumi na nne.

Asubuhi umekuja waraka kutoka kwa Madam. Ubao wa siku bila tukio umefutwa, imeonekana unawafanya watu kuficha mambo. Badala yake, mfanyakazi atakayetoa ripoti nyingi za hatari kufikia mwisho wa mwaka atapendekezwa kwa mafunzo Montreal, Kanada, kwenye makao makuu ya usafiri wa anga wa dunia nzima. Montreal! Ila amepiga mstari chini ya maneno matatu: ripoti za kweli.

Kweli tupu, nimekubali. Sitaandika uongo tena maishani mwangu.

Shida ni kwamba hakuna hatari! Zipporah kabla ya kwenda amekarabati ua, amekata nyasi, amefukia hata mashimo ya panya. Nimetembea kiwanja chote mara mbili. Safi kama sahani ya harusi. Mtu wa kiwanja kingine huko Pwani anaweza kuwa ameshafikisha ripoti kumi!

Saa nne nikapata wazo. Nikaenda kwa Thadeus wa buchari, nikaomba matumbo ya mbuzi, yale ya kutupwa. Ndoo mbili. Nimeyamwaga kando ya njia ya kutulia, katikati ya urefu wake, mahali panapoonekana vizuri kutoka angani. Korongo wote wa jalala la Voi watakuja. Ndege wakubwa kwenye njia ya ndege: hatari ya kweli kabisa, imetajwa na mwongozo wenyewe, ukurasa wa kumi na mbili. Hakuna atakayesema nimebuni.

Fomu nimeshaijaza. Nimeacha nafasi ya idadi peke yake. Wanakuja! Kumi na mmoja. Kumi na tisa. Mmoja amesimama juu ya alama nyeupe kabisa. Ishirini na sita, na wengine wanashuka.

Redio inaita. Kapteni Janet. Angoje kidogo, sijamaliza kuhesabu.