Mayowe Bandani kwa Otmar

Ijumaa, 11 Julai 2025
Banda langu la video limebaki na watazamaji wawili, na mmoja huja kuchaji simu. Wengine wote wako kwa Herman, anaonyesha mpira. Herman huyo huyo anamtaka Paskalina wangu. Jumanne naenda kumposa kwa baba yake, Mzee Jilala, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji. Lazima asikie kwamba banda langu lina watu. Dawa nimepata: flashi nzima ya filamu za kutisha, za zamani. Nimeonja ya kwanza. Wazungu wenye majoho wanamwita shetani shimoni. Hawana kuku, hawana kibuyu, na bado anakuja. Uongo mtupu. Nimelala taa ikiwaka.

Jumamosi, 12 Julai
Leo ya muuaji mwenye shoka na koti la mvua. Spika nimeiweka nje ivute watu. Imevuta. Binti wa kwenye filamu alipopiga yowe, sungusungu wote walifika na marungu, Mzee Jilala mbele, anahema. Nikamweleza. Akakaa aone mwenyewe. Akauliza mbona binti anapiga yowe mpaka sauti inakauka na hakuna jirani anayetoka, na kamanda wa kule ni nani. Akasema hicho ni kijiji cha hovyo, akaondoka na watu wote. Ila miadi ya Jumanne hakuifuta. Spika nimeirudisha ndani.

Jumanne, 15 Julai
Shati limepigwa pasi. Nasubiri saa kumi, naonja filamu ya kioo chenye pepo. Kioo kinatisha kuliko pepo. Mara yowe la mwanamke, huko nje. Herman kaniiga, kaweka spika! Nimefunga mlango kwa hasira. Maoni yangu: mwigizaji anajua kazi, ila anazidisha.

Jumatano, 16 Julai
Alikuwa Paskalina. Jiko lao la nyasi lilishika moto na mama yake yumo ndani. Kijiji kizima kilitoka. Herman ndiye aliyemtoa mama, nyusi zimeungua, na kwa bahati mbaya zinampendeza. Nilipofika saa kumi na shati langu, Mzee Jilala aliniuliza kama yowe sikulisikia. Nikajibu nililisikia vizuri sana. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nimetengwa, ndiyo adhabu ya asiyeitikia yowe: hakuna kunisalimia, hakuna kuingia bandani kwangu.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwamkia Mama Aneth, jirani yangu. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Paskalina kapita na ndoo, hakugeuka. Nimelia, sioni haya kuandika. Bila yeye sina cha kuamkia.

Baadaye kidogo. Nimekumbuka sheria yao wenyewe: yowe ni yowe, hata la aliyetengwa, lazima watoke. Kesho jioni nawasha projekta kwanza, halafu napiga yowe kwa nguvu zangu zote. Watakuja wote, na Paskalina atakuja. Wakishaingia, nafunga mlango.