Ofisi ya Mkurugenzi Yaingia Arobaini

Ulipita pale. Usijitie hamnazo. Ulipita chini ya Jengo la Tisa mjini Jel-Korgon, ukaona madirisha yamezibwa kwa mablanketi na moshi wa mkaa ukitoka roshani ya ghorofa ya nne kana kwamba watu wanachoma nyama. Ukainua kola ya koti, ukajiambia kwamba wiki ijayo watafungulia joto. Mwaka jana ulijiambia hivyohivyo. Na mwaka ule mzee wa ghorofa ya pili alipokutwa amekakamaa kitini, kofia kichwani, ulisema basi, umri nao. Sasa soma, na macho usiyapeleke kwingine, maana safari hii serikali imelishughulikia jambo hili kikamilifu.

Mheshimiwa Japarkul Mamyrov, Mkurugenzi wa Idara ya Mpito wa Majira, alitangaza redioni kwamba mwaka una majira matano. La tano, lililogunduliwa na idara yake, linaitwa Mpito. Linakaa katikati ya vuli na kipupwe, na ndani yake, kwa mujibu wa mwongozo, hakuna baridi. Mwananchi anayesikia baridi wakati wa Mpito amekosea majira.

Jambo lenyewe ni la kitaalamu. Jel-Korgon mtu hajiwashii joto kwake. Joto hutoka tanuri kuu kando ya mto, husafiri mabombani likiwa maji ya moto, huingia kila nyumba siku idara inaporuhusu, na idara huruhusu wastani wa jotoridi ukishuka chini ya nyuzi nane kwa siku tano mfululizo. Siku nne zikiwa za barafu na ya tano jua likachungulia, hesabu inaanza upya. Jua la Jel-Korgon lina tabia ya kuchungulia siku ya tano, na mpaka leo hakuna aliyelichukulia hatua.

Ili wananchi wavuke Mpito salama, idara ilikodi hita za umeme, zikaitwa Vifaa vya Muda. Zilikuwa za wazee, wagonjwa na watoto wachanga. Wakati huohuo ilipiga marufuku hita za watu binafsi, kwa kuwa nyaya za majengo ni za enzi za Muungano wa Kisovieti na zinaungua, na vijana wa idara wakapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Zile za kukodi na zile za kunyang'anya zote zikapelekwa kufanyiwa tathmini. Kwa umakini wa kazi yenyewe, Mheshimiwa Mamyrov alichukua jukumu la kuzifanyia tathmini yeye binafsi, ofisini kwake, zote kwa pamoja, zikiwa zimewashwa.

Ofisi ikawa na joto la jikoni siku ya harusi. Mkurugenzi akafanya kazi na shati la mikono mifupi. Joto lilipozidi akawasha kiyoyozi. Mgeni mmoja kutoka mji mkuu alishangaa kuona hita zinapuliza huku na kiyoyozi kinapuliza kule. Mamyrov akamweleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo maana ya mpito: joto na ubaridi kukutana kwa amani. Mgeni aliandika.

Mtu huyu, lazima isemwe, hakuwa mtu wa miongozo tu. Alikuwa pia mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Mila. Ni yeye aliyemfukuza kazi karani aliyeingia kumtazama mtoto wa dada yake mwenyewe kabla ya siku arobaini kutimia, tena akiwa katoka safarini na vumbi la njiani. Mkurugenzi alilia redioni siku ile. Mtoto wa arobaini, alisema, hatolewi nje, na mgeni havuki kizingiti chake, awe nani. Taifa linaanzia kwenye kizingiti hicho.

Basi siku moja akaja Bibi Batmakan wa Jengo la Tisa. Mwanawe anafagia barabara Moscow. Mkwewe, Nurzada, alikuwa ametoka kujifungua. Bibi alisimama katikati ya ofisi na koti lake zito, akaanza kutoka jasho papo hapo, akazikagua hita moja moja mpaka akaipata aliyoitafuta.

"Mwanangu," alisema, "ile ya pembeni, yenye mguu uliofungwa waya, ni yangu."

"Ilikuwa yako, Bibi. Sasa ni Kifaa cha Muda."

"Cha muda mpaka lini?"

"Mpaka muda uthibitishwe."

Bibi akasema mjukuu wake midomo imekuwa ya zambarau.

"Hongera sana," alisema Mamyrov, ambaye anapenda watoto. "Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike."

"Mvalisheni."

"Tumemvalisha mpaka haonekani. Anakohoa humohumo ndani ya nguo."

Mkurugenzi alisikitika. Akamweleza kwamba mchakato hauwezi kuruka hatua, kwamba wadau wote wanahusika, na kwamba leo akimpa yeye, kesho jengo zima litataka. Bibi akasema ndiyo, jengo zima linataka. Mamyrov akasema umeona sasa.

"Bibi, tuelewane. Kifaa hakiwezi kumfuata mwananchi majumbani, huo utakuwa mtafaruku. Mwananchi ndiye anayeifuata huduma pale ilipo."

"Kwa hiyo anayetaka joto alifuate."

"Kimsingi, ndiyo."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi," alisema Mamyrov, mbele ya karani, dereva na mlinzi, maana hupenda kunukuliwa.

Bibi Batmakan akarudi nyumbani, na huko hakukuwa na mzaha. Kumtoa mtoto nje kabla ya arobaini hakujapata kutokea katika ukoo wao, hata mwaka wa tetemeko. Alikaa kando ya susu, kitanda cha kubembezea mtoto, akimsikiliza kichanga akivuta pumzi kwa shida, akingoja kikohozi kinachofuata, akiogopa kisije na akiogopa kisipokuja. Kisha akasimama, akamwambia Nurzada afunge godoro.

Asubuhi Mkurugenzi alipofika kazini alikuta viatu vya kike vimepangwa nje ya mlango wake. Mlangoni palining'inia pazia. Korido ilinuka moshi wa mti wa mreteni, ule wa kufukizia nyumba, na maandazi yanayokaangwa kwa mafuta ya kondoo. Mlinzi alikuwa anayatafuna. Alieleza kwamba aliwafungulia kwa kuzingatia kauli ya Mkurugenzi mwenyewe.

Bibi Batmakan alitoka, akalifunga pazia nyuma yake. Ndani alikuwa Nurzada na mwanawe kwenye susu, akasema, pamoja na wazazi wengine wawili wa jengo lao na vichanga vyao. Zulia la manyoya limetandikwa, kiyoyozi kimezimwa, mtoto amenyonya, na midomo imeanza kurudi rangi. Nyumba ya mtoto ni pale susu lake lilipo. Karibu sana, ila usiingie.

"Hii ni ofisi ya serikali," alisema Mamyrov.

"Ilikuwa. Sasa ni ya muda."

"Bibi, nipishe."

"Umetoka barabarani, mwanangu. Una vumbi la njiani. Au yale ya redioni alikuwa anasema mtu mwingine?"

Mkurugenzi akamwamuru dereva aingie. Dereva akasema mkewe ana mimba, hathubutu. Karani akagundua kazi nyingi ghorofa ya chini. Akaitwa polisi. Akaja sajini mnene, akasikia sauti ya mtoto, akavua kofia, akawapongeza wenye mtoto kupitia pazia, akaacha mkate, akaenda zake. Mwisho Mamyrov akampigia simu mama yake mzazi, mwanamke mkali, aje awape kinamama hao somo la adabu. Mama akaja, akavua viatu, akaingia. Hakutoka.

Meza ikawekwa koridoni. Hapo Mheshimiwa Mamyrov alifanya kazi na koti, kisha na koti na kofia, kisha na mikono kwapani. Idara nzima ilimpita ikiwa imeinamisha vichwa kwa heshima, mabega yakicheka. Kabla ya chakula cha mchana kamasi ilimdondokea kwenye tai. Ndipo utafiti wake wa majira ulipopata matokeo mapya. Akaomba simu ya tanuri kuu.

"Fungulieni," alisema.

Msimamizi wa tanuri akamkumbusha kwa adabu kwamba hiyo ilikuwa siku ya tatu tu, na mwongozo unasema tano.

"Mwongozo haujasimama kwenye korido," alisema Mkurugenzi.

Jioni mabomba yalianza kugonga katika majengo yote ya Jel-Korgon, na watu wakabandika migongo ukutani. Redio ikasema kwamba, kutokana na uongozi makini, Mpito umekamilika kabla ya wakati. Miaka yote ile tulikuwa tunaambiwa haiwezekani, sayansi imekataa. Kumbe sayansi ilikuwa inangoja mtu mmoja apigwe na baridi.

Lakini jengo la idara halikupata joto. Kiangazi kilichopita, Mamyrov alikuwa ameagiza mabomba ya humo yakatwe na kuzibwa, kwa kuwa hita za muda zingemtosha daima. Akaenda mlangoni, meno yakigongana, akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba Jengo la Tisa sasa lina joto, kinamama warudi nyumbani kwa raha zao.

"Tumesikia, ahsante," Bibi Batmakan alijibu kutoka ndani. "Ila mtoto wa arobaini hatolewi nje mara mbili. Dhambi ya kwanza ilikuwa yako. Ya pili itakuwa yangu, na mimi siitaki."

Ikafuata sauti ya mama yake mzazi: "Japarkul, ondoka hapo mlangoni. Unaingiza upepo."

Na wewe bado umekaa. Hita za mtaa wenu ziko wapi saa hizi? Unajua. Unaijua ofisi, unalijua dirisha lake lililoachwa wazi kwa sababu mwenyewe anaona joto. Kichanga cha jirani yako unakisikia kikikohoa kupitia ukuta. Weka hii chini. Kagonge kwa jirani, mbebee susu, nendeni leo hii kabla hawajafunga ofisi.